Papy Kioo na Mlima wa Mama-Shuka

Kama gari lako linakohoa na unakaa Likasi, mtu atakuambia ulipeleke kwa Papy Kabamba. Mwingine, ambaye ameshalipeleka, atakuambia uende na kiti chako na chakula chako, maana Papy hajui haraka ni kitu gani. Gereji yake iko Shituru, nyuma ya zile nyumba za matofali za wafanyakazi, hatua chache kutoka kwenye reli. Ina mabati sita, meza ya chuma, jiriwa moja, na ubao alioupaka rangi kwa mkono wake mwenyewe: KIOO. Hakuandika breki, hakuandika matairi wala oili. Jina likamganda. Mji mzima unamwita Papy Kioo, hata pasta wake.

Kioo chenyewe ni hiki. Juu ya injini ya gari hukaa kifuniko kizito cha chuma, mafundi wa kwetu wanakiita kulasi. Ndani yake mna matundu: mengine huingiza hewa na petroli, mengine hutoa moshi. Kiwandani matundu hayo hutoka na ngozi ya kukwaruza, kama ulimi wa ng'ombe. Papy huyachukua, akayapanua kwa jiwe la mashine, halafu akayasugua kwa msasa, wa kukwaruza kwanza, laini baadaye, mpaka ukichungulia unaona jicho lako mwenyewe linakuchungulia. Kulasi moja, siku tatu. Umeme ukikatika anaendelea kwa kidole. Ukimuuliza faida yake, anakwambia hewa ni kama mgeni, ukimfagilia njia atakuja upesi.

Maneno matamu hayo. Ubaya wa maneno matamu ni kwamba hayapandi mlima, na tutafika huko.

Ufundi alijifunza kwa mzee Georges, fundi wa zamani aliyekuwa na vidole saba na maneno machache kuliko vidole. Siku moja tajiri mmoja wa Lubumbashi alileta gari la mashindano, na Papy, wakati huo kijana wa miaka ishirini na mbili, akapewa kulasi aisugue. Aliisugua wiki nzima. Gari likaenda likashinda, na Papy akarudi nyumbani ameokoka, si kwa maombi bali kwa matundu ya chuma. Kwamba gari lile lilifungwa pia kabureta mpya, ekzosi mpya, na dereva asiyeogopa kufa, hilo hakutaka kulisikia. Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Mzee Georges alimtazama akicheza-cheza na furaha yake, akamwambia maneno yake machache: "Kulasi ya course, ya mashindano, na kulasi ya kazi haziko ndugu." Papy akaitikia ndiyo, kama vijana wanavyoitikia, akaenda akafungua gereji yake.

Sasa siri. Hakumwambia mtu, hata mkewe Bénie.

Mteja akileta teksi apigiwe kioo, Papy haishii kwenye matundu. Hawezi. Ni fundi mzuri, mzuri kweli, na mikono yake haipiti kando ya kasoro bila kuisalimia. Anasaga supapu, vile vijizibo vya chuma vinavyofungua na kufunga matundu, mpaka vikae sawasawa kwenye viti vyao. Anasafisha kabureta. Anapigapiga kichujio cha hewa mpaka vumbi la barabara za Kamatanda likitoke lote. Gurudumu linalobanwa na breki analilegeza. Gari linatoka pale linaruka, na mwenye gari anauliza, Kioo, umefanya nini? Papy anawasha tochi, anamwonyesha picha ya kulasi yake kwenye simu, inavyong'aa. Nani atauliza habari ya breki baada ya kuona mng'aro ule? Papy akavaa kilemba cha ukoka, kikamkaa vizuri.

Mara moja tu alikuja dereva mwenye haraka, Merdi, mwenye kubeba magunia ya madini. Alisema apigiwe kioo peke yake, mengine yaachwe hivyo hivyo. Baada ya wiki gari likarudi limepungua nguvu. Papy alimwambia petroli siku hizi mbaya. Merdi akaamini, maana petroli siku hizi ni mbaya kweli. Lakini tangu siku ile Papy alibaki na shaka ndogo moyoni, na kila ilipotaka kuinua kichwa aliongeza kusugua.

Miaka tisa ilipita namna hiyo, na ingepita mingine tisa, lau Papy asingekuwa na mama mkwe.

Mama Marceline anauza samaki katika soko la mji. Anawafuata mwenyewe huko Mwadingusha, kwa wavuvi wa ziwani, na kamioneti yake ya Toyota ya petroli, iliyozeeka kama deni la kanisa. Dereva wake ni Chadrack, mtu mwembamba mwenye subira. Njiani kuna mlima mmoja ambao madereva wanauita Mama-Shuka, kwa sababu ukifika pale na mzigo, dereva hugeuka akamwambia mwenye mali maneno hayo mawili. Mama Marceline ana miaka sitini na moja na mwili wa mtu aliyeuza samaki miaka arobaini bila kusahau kuwala. Kila wiki mara mbili alishushwa, akapanda mlima kwa miguu, viatu mkononi, huku samaki wake wakipanda kwa gari. Jambo lile lilimchoma. Si magoti, alisema, ni kuona makambale wanaheshimiwa kuliko yeye.

Na Papy hakuwahi kuzungumza naye. Usishangae. Kwa watu wao mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawapishani kwenye njia nyembamba; neno likiwepo hupitia kwa mke, na mkwe akivunja mwiko huo hutoa kuku mweupe. Mjini wengi wameshaacha. Mama Marceline hakuacha, kwa heshima. Papy naye hakuacha, na watu walimsifu sana, mkwe wa siku hizi anayejua mila. Lakini tuseme ukweli. Mama Marceline alikuwa mtu pekee Likasi ambaye angeweza kumwuliza swali la pili, na mila ilikuwa imemziba mdomo.

Ikawa Jumapili moja baada ya ibada. Papy alikwenda kumchukua Bénie kwa mama yake, akasimama nje nyuma ya ukuta wa jiko, uso ameupeleka kwenye mpapai. Mama Marceline alikuwa ndani anakaanga. Kati yao kulikuwa na unene wa tofali moja, na Bénie mlangoni.

"Bénie," mama alisema kwa sauti iliyotosha majirani watatu, "uliza bwana yako, kamioneti yangu inashindwa mulima juu ya nini."

Bénie hakuwa na haja ya kurudia, lakini mila ni mila, akamwita mumewe kwa jina la mtoto wao. "Papa Arielle, Mama anauliza kamioneti inashindwa mulima juu ya nini."

"Umuambie Mama," Papy aliuambia mpapai, "ile moteur haipumue. Matundu ya kulasi iko kidogo. Minye nikiipiga kioo, itapanda na samaki yote, na Mama mwenyewe ndani."

Ndani mafuta yaliacha kuchacharika. Mama Marceline alikuwa ametoa sufuria motoni.

"Umuambie miaka tisa nasikia kioo. Bantu banamuletea kazi ya frein, ya breki, anabaambia bangoje, iko anasugua tundu yenye hakuna muntu ataona. Sasa tufanye essai, tujaribu. Asugue kioo yake, lakini asiguse kintu kingine. Ata vis moja, ata skrubu. Nikipanda Mama-Shuka bila kushuka, nitanyamaza mpaka kufa. Nikishuka, anafunga garage, anakuja kunipimia samaki ku soko."

"Mama," Bénie alisema, na safari hii hakuwa anatumwa na mtu, "ku soko mutakuwa mukionana kila siku. Na heshima?"

"Nitatia rideau katikati."

Mtu mwenye akili angeomba siku mbili za kufikiri. Lakini mkewe alikuwa anamtazama, na jirani aliyekuwa anatwanga mihogo alikuwa ameuacha mchi hewani. Papy aliwaza gereji yake, jiriwa yake, harufu ya chuma asubuhi. Akawaza pazia, mizani, na sauti ya Mama Marceline upande wa pili wa pazia mpaka uzeeni.

"Umuambie nakubali," alisema.

Jumatatu asubuhi Chadrack alileta kamioneti. Ilizimika mita kumi kabla ya mlango, wakaisukuma wote wawili mpaka ndani. Papy alisukuma upande wa kushoto, na baada ya hatua tatu mikono yake ilishajua: gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa linabanwa na breki. Gari lile lilikuwa linatembea na mguu mmoja umefungwa kamba. Alichuchumaa alitazame, na hapo akaona kitu chekundu.

Skrubu ya kurekebisha breki ilikuwa imepakwa rangi ya kucha. Alizunguka gari. Kabureta ilikuwa na tone jekundu kwenye kila skrubu. Kichujio cha hewa kilikuwa na tone kwenye klipu. Mama Marceline alikuwa ametumia chupa mbili nzima, nyekundu ya harusi, akapaka kila kitu isipokuwa boliti za kulasi na vile ambavyo havina budi kufunguliwa ili itoke. Ukigusa, rangi inapasuka, na rangi ikipasuka umeshindwa.

"Alipaka mwenyewe," Chadrack alisema kwa huruma. "Jana mpaka usiku, alilala chini ya gari na torchi. Na minye aliniambia nikae hapa. Nikilala, ananiachisha kazi." Akageuza ndoo, akaikalia.

Papy alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole kanisani. Kisha akafungua kulasi.

Siku mbili alisugua mbele ya Chadrack. Umeme ulikuja ukaenda, vumbi la chuma likamjaa nywele, na Chadrack alihesabu skrubu nyekundu asubuhi na jioni kama mchungaji na mbuzi. Siku ya tatu Chadrack alivuka reli kwenda kununua mikate. Papy akabaki peke yake na kulasi mezani, na supapu nane zimelala kwenye kitambaa.

Mama Marceline alikuwa mwerevu, lakini hakuwahi kufungua injini. Hakujua kwamba ili uyasugue matundu lazima supapu zitoke. Hazikuwa na rangi. Papy alizitazama: zimeungua, zimekaa upande, nusu ya nguvu ya gari ilikuwa inavujia pale. Kikopo cha dawa ya kusagia kilikuwa juu ya rafu. Saa moja tu ya kuzisaga, na kamioneti ingepumua kama ndama, ingepanda Mama-Shuka, gereji ingebaki, na kioo kingesifiwa mpaka Kolwezi. Nani angejua?

Alikishusha kikopo. Alikifungua. Alichovya kidole.

Ningependa kukuambia kwamba dhamiri ilimshika, lakini Papy tunamfahamu. Kilichomshika ni udadisi. Kwa miaka tisa hakuna mtu aliyewahi kuuliza swali lile sawasawa, kioo peke yake, bila msaada wa kitu kingine, na kati ya wote ambao hawakuuliza, yeye alikuwa wa kwanza. Hata Merdi alipolileta jibu mpaka mlangoni alilifukuza. Sasa swali liko mezani, limefungwa kwa rangi ya kucha pande zote, na akisaga supapu hatajua kamwe. Alikaa hapo kidole kikiwa kimechafuka. Kisha akakifunga kikopo, akakirudisha, akafuta mkono. Supapu akazirudisha na uchafu wake wote, kila moja kwenye kiti chake kilekile. Aliogopa, na aliogopa kweli, lakini alitaka kujua.

Kulasi ilitoka nzuri kuliko zote alizowahi kusugua. Majirani walikuja kuchungulia. Bénie alikuja na chakula, akaona jicho lake mle ndani, akasema, "Iko muzuri sana. Sasa, itapanda?" Papy alimwomba chumvi.

Alhamisi walikwenda Mwadingusha. Mbele walikaa Chadrack na Mama Marceline, amejitanda kitenge kichwani mpaka nyusi. Nyuma, kwenye mabeseni matupu, alikaa Papy, amegeukia barabara wanakotoka, kama mila inavyotaka. Hivyo safari nzima ya kwenda aliona mahali alipokwisha kupita tu, na hapo alipata nafasi ya kufikiri. Kwenye barabara tambarare kamioneti ilikimbia vizuri. Chadrack alipoikandamiza sana ililia kwa juu, ikachomoka, na Papy akatabasamu peke yake. Pengine, alijiambia. Pengine mzee Georges alikosea.

Walirudi saa tisa alasiri, mabeseni yamejaa makambale na ngege chini ya majani mabichi, na Papy juu yao. Mlima ulianza. Kando ya barabara kulikuwa na nguzo za umeme zinazotoka kwenye bwawa la umeme la huko ziwani, na kila dereva anajua gari lake hufa nguzo ya ngapi. Kamioneti ya Mama Marceline, kabla ya kioo, ilikuwa inakufa nguzo ya tatu.

Ilipita nguzo ya kwanza inanguruma. Chadrack akashusha gia, akashusha tena. Papy alisikia kwa makalio yake kile ambacho sikio halikutaka. Injini ilikuwa inazunguka polepole na mzigo mzito, na yale matundu mapana, mazuri, yanayong'aa, yalikuwa yanaipa hewa ya kivivu. Ukipuliza makaa kwa bomba jembamba moto unawaka. Ukipuliza kwa mdomo wa ndoo unachoka bure. Kamioneti ilitetemeka, ikahema, ikazimika. Nguzo ya pili ilikuwa bado mbele yao.

Chadrack alivuta breki ya mkono. Hakugeuka. Miaka yote aliyasema yale maneno mawili kwa mazoea, lakini leo aliushika usukani tu, akitazama mbele.

Mama Marceline hakungoja. Alifungua mlango akashuka, akavua viatu, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu kama mtu aliyezoea. Kisha akatembea mpaka nyuma ya gari upande wa kulia. Papy aliruka chini upande wa kushoto, uso ameupeleka porini. Wakabaki hivyo, yeye anatazama vichaka vya huku, mama mkwe anatazama vichaka vya kule, katikati mabeseni ya samaki.

"Chadrack," Mama aliita. "Uliza mukwe kama iko na neno."

Chadrack alitoa kichwa dirishani. "Patron, Mama anauliza kama uko na neno."

"Umuambie," Papy alianza. Neno lilikuwa tayari mdomoni, lilelile alilompa Merdi. Esansi. Petroli siku hizi mbaya, Mama. Lilikuwa neno zuri, limeshafanya kazi. Angelisema, na nani angepima petroli pale mlimani? Wangebishana mwezi mzima kupitia kwa Bénie, na mwishowe jambo lingechakaa.

Lakini gurudumu la kushoto lilikuwa karibu na goti lake, na lilikuwa linatoa joto kama sufuria. Mikono yake haikuweza tena. Siku nne mikono hiyo ilikuwa imepita kando ya kasoro ile bila kuisalimia.

"Umuambie Mama anipe ruhusa nipasule vernis moja," alisema. "Ya frein."

Chadrack alitazama nyuma, akatazama mbele, akatazama mguu wake uliokuwa umeikanyaga pedali. "Siwezi kushika frein ya gari na bukwe ya bantu pamoja," alisema. "Musemezane." Akarudisha kichwa ndani akafunga kioo cha dirisha.

Nzi walishawajua samaki.

"Pasula," Mama Marceline alisema.

Papy aliingia chini ya gari na spana. Rangi nyekundu ilipasuka kama ganda la karanga, na kwa kupasuka kule alikuwa ameshashindwa, kwa mkono wake mwenyewe, na alijua. Alilegeza, akagonga, akalegeza tena. Dakika kumi. Alipotoka, mgongo umejaa changarawe, alisema kwa vichaka, "Mama akae mbele. Ipande."

Chadrack aliwasha. Kamioneti, na mzigo wote, na Mama Marceline ndani, ilianza kupanda gia ya kwanza, ikanguruma, ikapita nguzo ya pili, ya tatu, ya nne. Haikukimbia. Ilipanda kama mtu mzima anayepanda ngazi, lakini ilipanda, na Papy alitembea nyuma yake kwa miguu akitazama jinsi ukweli unavyomwacha mtu barabarani. Imani yake ya miaka tisa ilikuwa imeshindwa na skrubu moja.

Walimngoja kileleni. Mama Marceline alikuwa ameshuka kwa hiari yake, amesimama upande wake wa gari, na Papy akasimama upande wake.

"Mukwe," alisema. Hakumwita Bénie, hakumwita Chadrack. "Ile frein ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza, Mama. Wakati tuliisukuma mu garage."

"Na kioo?"

"Kioo iko ya bale ba course. Moteur inakimbia, inalia juu, pale njo inasaidia. Kwa kamioneti ya samaki haisaidie kintu. Yako niliiharibisha. Chuma chenye nilitoa hakirudi tena. Nitakutafutia kulasi ingine, na nitasaga supapu, bure."

"Na bale bengine bote, benye magari yao inaruka?"

Papy aliona aibu mpaka masikioni, na chini ya aibu aliona wepesi, kama mtu aliyetua gunia. "Ilikuwa supapu na frein," alisema. "Kioo nilikuwa nabaonyesha tu."

"Miaka tisa."

"Miaka tisa, Mama."

Akangoja hukumu. Gereji ilikuwa imeshamtoka mikononi. Alishaliona pazia, hata rangi yake. Badala yake akasikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia kwa ukaribu ule. Mama mkwe alikuwa anacheka, na mabeseni yalikuwa yanatikisika kwa sababu alikuwa ameliegemea gari.

"Weye unafikiri sikujua?" alisema alipopata pumzi. "Miaka yote najua. Ile njo sababu nilikuwa nakutaka ku soko. Nilisema, muntu mwenye anauzisha tundu kwa bantu ba akili, miaka tisa, na uso wake hautikisike, atashindwa kuuzisha samaki ya jana? Nilikununulia ata kiti." Akafuta macho na ncha ya kitenge. "Sasa umesema kweli, na hakuna muntu alikupiga. Umejiharibisha. Ku soko haufae tena. Rudia ku garage yako, na muntu akikuja kulomba kioo, umuambie mbele ya kuanza kile umeniambia hapa."

"Nitapoteza bakiliya, bateja bangu, Mama."

"Utapoteza," alikubali. "Na kuku ulete, mweupe, juu ya hii kusemezana yetu."

Alishusha kitenge mpaka nyusi, akapanda mbele. Papy aligeuza uso kando, akapanda juu ya samaki, na Chadrack akaachia gari literemke kwenda mjini.